Kiboko Mkaguzi na Gari la Bi Pimbi

— Lango!
— Lifunguke!
— Nani apita?
— Ngano!
— Imebeba nini?
— Tutaikagua wenyewe!

Basi ikagueni. Hapo kale, ingawa si kale sana kwa kuwa magari yalikwisha kuwapo, palikuwa na mto uitwao Vuguvugu, uliozitenga nchi mbili za wanyama. Upande wa huku ilikuwa nchi ya Majabali, na upande wa ng'ambo nchi ya Mabondeni. Juu ya mto palikuwa na daraja la magogo. Mwisho wa daraja, upande wa Mabondeni, palikuwa na kizuizi; na nyuma ya kizuizi alikaa Kiboko, Mkaguzi Mkuu wa Magari Yaingiayo Nchini.

Mwaka ule, ambao wanyama huuita Mwaka wa Nzige Wawili kwa sababu walionekana nzige wawili tu na bado wote wakakimbia, mwamba aliokaa Bi Pimbi huku Majabali ulipasuliwa kupata kokoto. Bi Pimbi alikuwa mjane, mdogo wa umbo, mfupi wa miguu, na mkia hakujaliwa. Watoto wake walitangulia kwa miguu Mabondeni, kwa dada yake. Yeye alibaki nyuma kwa ajili ya gari la marehemu mumewe. Gari hilo, kwa kubebea watu maji na wagonjwa, ndilo lililokuwa likiwalisha. Pasipo gari, huko ugenini wangekula nini? Akalipakia sufuria, mikeka na maboga ya mbegu, akaliwasha: kwe-kwe-kwe-puu! Kwe-kwe-kwe-puu!

Akafika kwenye kizuizi siku ya Jumanne, tarehe 4 Februari.

"Hrooom!" akanguruma Kiboko. "Simama! Sheria ya Mabondeni inasema hivi: gari livukalo hukaguliwa moshi, taa na breki. Lisilofaa hukaa majini mpaka lifae!"

Bi Pimbi akatazama chini ya daraja. Mapaa ya magari yalichungulia majini, yenye kutu, yamepangana kama masufuria yanayongoja kuoshwa. Magari yale yaliingia majini ili yafae, na hakuna hata moja lililowahi kufaa humo.

"Kwetu lilikaguliwa likafaulu, Mheshimiwa," akasema.

"Kwenu ni kwenu, kijimama. Hapa ni kwetu. Karani Korongo, pima moshi!"

Korongo, karani wa kizuizi, ndege mwenye miguu mirefu na maneno mafupi, akang'oa unyoya mweupe kifuani mwake, akauingiza katika bomba la moshi. Ukatoka mweusi tii.

"Mweusi," akasema Korongo.

"Halifai!" akanguruma Kiboko. "Kwa huruma yangu halitaingia majini bado; rudi ukalitengeneze. Maboga haya nayazuia kwa uchunguzi."

Akayachunguza kwa meno: kruch, kruch, kruch. Bi Pimbi alipogeuza gari, alisikia watoto wake wakimwita kutoka miamba ya ng'ambo: "Mamaaa-wee!" Hakuitikia, kwa kuwa sauti haikutoka.

Haya, akarudi. Akasafisha chujio, akabadili oili, akaziba bomba lililotoboka. Gari likaacha kusema kwe-kwe-kwe-puu. Likasema nguru-nguru-nguru kwa adabu. Akafika tena siku ya Alhamisi, tarehe 20 Februari.

"Hrooom! Karani, pima moshi!"

Unyoya ukaingia mweupe, ukatoka mweupe.

"Mweupe," akasema Korongo, naye akaonekana kufurahi kidogo.

"Taa!" akanguruma Kiboko. "Taa ya nyuma ya kushoto inakonyeza. Mimi nakonyezwa na nani? Halifai!"

Akayachunguza maboga mengine: kruch, kruch, kruch. "Mamaaa-wee!" wakaita watoto. Akarudi. Akabadili balbu, akakaza nyaya, akasugua vioo vya taa mpaka vikamwonyesha uso wake. Akafika mara ya tatu siku ya Jumatatu, tarehe 10 Machi.

Moshi mweupe. Taa zote timamu. Korongo akashika usukani, akakanyaga breki: kwip! Gari likasimama papo hapo.

"Zinashika," akasema Korongo.

Kiboko akakuna shavu. Ndani ya gari lilibaki boga moja tu, kubwa, la manjano, nalo ndilo lenye mbegu zote zilizosalia.

"Zinashika, ndiyo," akasema, macho yakiwa kwenye boga. "Lakini zimeshika kimya. Huko kwenu breki hushika tu. Hapa kwetu sharti zishike na kuomba radhi. Kesho asubuhi likija bila breki za kuomba radhi, gari linaingia majini, na boga naliingiza mahali pa usalama."

"Mheshimiwa, breki huombaje radhi?"

"Fundi wako ni mimi? Pimbi kwa jina, pimbi kwa kimo, na sasa pimbi kwa akili!"

Wasafiri waliopanga foleni wakacheka, maana kila mmoja alitaka apendwe na Mkaguzi. Hapo ndipo Bi Pimbi alipofahamu kwamba alikuwa akitengeneza gari, ilhali kilichoharibika hakikuwa gari. Akainamisha kichwa, na pale alipoinamisha akaziona nyayo. Zilikuwa nyayo pana zenye vidole vinne vinne, za matope juu ya magogo, zikitoka upande wa nyasi za Majabali kuelekea kizuizini, za leo juu ya za jana. Akakumbuka kwamba nyasi za ukingo wa kwao zilikatwa chini kila alfajiri, na za ukingo wa Mabondeni zilikwisha zamani.

Akainua kichwa, uso umetulia kama wa mtu anayeuliza bei ya chumvi.

"Mheshimiwa, nimekubali. Ila sheria hii inaniumiza mimi peke yangu. Nyuma yangu yupo Punda na mkokoteni wake wa magurudumu manne umejaa mahindi. Kwa kuwa si gari, atapita hivihivi?"

"Dada Pimbi!" akalia Punda. "Nimekukosea nini?"

Kiboko akayatazama mahindi. Mate yakamdondoka: tia, tia, tia.

"Nani kasema atapita? Sheria ni pana!"

"Hata mkokoteni?"

"Hata mkokoteni!"

"Hata kitanda, kikivushwa?"

"Hata kitanda! Hata meza! Karani, tangaza: kila chenye vinne vya kutembelea, kivukapo kuingia Mabondeni, hukaguliwa moshi, taa na breki. Kisichofaa hukaa majini mpaka kifae! Na asiyekubali arudi kwao!"

"Kila chenye vinne," akatangaza Korongo. Kisha akajitazama miguu yake miwili, akapumua.

"Ahsante, Mheshimiwa," akasema Bi Pimbi. "Sasa imekaa sawa."

Kulipopambazuka, Jumanne, tarehe 11 Machi, foleni nzima ilikuwa imekwisha amka. Bi Pimbi akaliacha gari kwenye foleni, akavuka daraja kwa miguu, akasimama mbele ya kizuizi.

"Karani Korongo, mimi nina vinne. Nikague."

Korongo akamkagua. Taa? Macho yake yalimeta. Breki? Akamwambia akimbie kwenye gogo lenye umande, kisha asimame. Pimbi, nyayo zake hunata kwenye mwamba mkavu na mwamba mbichi, akasimama kwip! Moshi? Korongo akazunguka nyuma na unyoya wake, akaona kwamba hata mahali pa kufunga bomba hapakuwapo.

"Umefaulu," akasema, akainua kizuizi, na Bi Pimbi akaingia.

Mara wakasikia: gubu, gubu, gubu! Kiboko alikuwa akirejea kutoka nyasi za Majabali, tumbo limejaa, akiteremka mtelezo wa darajani.

"Simama!" akapaza sauti Bi Pimbi. "Unavuka kuingia nchini, na una vinne vya kutembelea!"

"Hrooom! Unamwambia nani?"

"Kila chenye vinne," akasema Korongo. Sauti ilimtetemeka, lakini ilitoka.

"Taa!" akaita Bi Pimbi.

"Hana!" ikaitika foleni.

"Moshi!"

Jamani, kiboko akikasirika hupepea mkia, na kila kilichomo tumboni hutawanyika. Paa-paa-paa-paa! Unyoya wa Korongo haukuhitaji kukaribia. Kutoka umbali wa mkokoteni mzima uligeuka kijani.

"Breki!"

Kiboko akataka kusimama ili atukane vizuri. Magogo yalikuwa na umande. Akateleza srrrrr, akakivunja kizuizi kau! na kupinduka ukingoni: CHUBWI!

Akaibuka macho, masikio na pua.

"Breki zenyewe," akasema Punda, "hazikuomba hata radhi."

"Nitoeni!" akanguruma Kiboko.

"Kisichofaa hukaa majini mpaka kifae," akasema Korongo. Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa kwa hiari yake.

Basi gari la Bi Pimbi likavuka, nguru-nguru-nguru, na boga lake kwenye kiti cha mbele kama abiria wa heshima. Watoto wakashuka miambani mbio, "Mamaaa-wee!", na safari hii akaitika mpaka sauti ikamkauka. Korongo akawa Mkaguzi. Magari yaliyozama yakavutwa, yakatengenezwa, yakapimwa kwa unyoya. Yaliyofaa yakapita, yasiyofaa yakaelezwa sababu. Mbegu za boga zilipandwa tarehe 25 Machi, na hadi leo mashina yake yanatambaa Mabondeni yote bila kibali. Kiboko naye hushinda majini mchana kutwa, moshi wake ukichujwa na maji, bwi-bwi-bwi, na hutoka usiku tu, wakaguzi wakiwa wamelala.

Funzo la ngano hii, nanyi watoto mlishike sana, ni kwamba mdogo asimbishie mkubwa kazini kwake. Bi Pimbi angenyamaza kwa adabu, leo hii angekuwa bado yupo pale darajani, anaheshimika sana, akizifundisha breki zake kuomba radhi.

— Ngano imepita. Lango!
— Lifungwe!
— Na ufunguo?
— Umebaki kwetu!