Digidigi, Faru na Mswada wa Majani Sitini

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa nani?"
"Pakawa mwandishi!"
"Ana nini?"
"Ana mswada!"
"Na unga anao?"
"Hana!"

Basi sogeeni. Na wewe wa nyuma acha kucheka, huenda ni baba yako huyo.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakijua kusoma na kuandika, alikuwapo Digidigi mmoja na mkewe, Mama Zena. Digidigi mnamjua: paa mdogo, miguu kama njiti, pua ndefu inayotikisika, na kando ya kila jicho ana doa jeusi linalotoa utomvu. Wenzake utomvu ule waliupaka kwenye vijiti kuweka mipaka ya kwao. Huyu wetu aliona ni wino. Alichovya kijiti hapo kando ya jicho, akaandika riwaya juu ya majani ya mgomba.

"Haya ni machozi ya msanii," alimwambia mkewe.

"Ni utomvu," mkewe akajibu. "Hata mimi ninao."

Riwaya yenyewe ilimhusu Konokono aliyevuka njia. Ndiyo hiyo tu jamani, konokono na njia. Lakini Digidigi kila alipoisoma alilia, na yale machozi akayaandikia sura nyingine.

Enzi hizo hadithi haikuitwa kitabu mpaka Faru aikanyage. Faru alisoma kwanza, na akiridhika aliweka unyayo wake juu ya jani la mwanzo, pu! Hapo ndipo hadithi iliposomwa bwawani asubuhi, wanyama wote wakinywa maji na kusikiliza. Digidigi hakutaka kingine duniani. Alitaka pu! moja tu.

Akafunga mswada wa majani ishirini, akaenda, ti-ti-ti-ti, mpaka kwa Faru.

"Shikamoo, Mzee Faru."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Riwaya, Mzee."

Faru macho yake hayaoni mbali, kwa hiyo akaisogelea, akainusa. "Iache hapo. Rudi baada ya siku tatu."

Siku tatu Digidigi hakula. Akarudi, ti-ti-ti-ti.

"Nzuri," akasema Faru. "Lakini fupi. Kaandike upya, uongeze. Na majani yawe mabichi."

"Na ule mswada wa kwanza, Mzee?"

"Nimeuweka mahali salama."

Digidigi akarudi kwao akirukaruka. Njia nzima alimsimamisha kila aliyekutana naye, Kobe, Kanga, hata mbung'o aliyekuja kumuuma. "Faru ameipenda! Anataka zaidi!" Kwamba amekataliwa, hilo hakulitaja, kwa sababu hata yeye alikuwa hajaligundua.

Akaandika upya, majani thelathini. Konokono sasa akapata mama. Akaupeleka, ti-ti-ti-ti. "Nzuri," akasema Faru, "lakini fupi." Akaandika upya, majani arobaini. Konokono akapata babu, na babu akapata historia. Ti-ti-ti-ti. "Nzuri, lakini fupi." Akaandika majani hamsini, akaandika hamsini na tano. Konokono, ambaye mwanzoni alivuka njia kwenye jani la nane, sasa alifika jani la arobaini hajatoa hata pembe.

Tatizo lilikuwa migomba. Digidigi na mkewe walikuwa na shamba dogo tu nyuma ya nyumba, na majani yale yalikuwa ya kuezekea. Kila mswada ulipoondoka, paa lilingoja. Na mawingu ya masika nayo yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa milimani.

"Baba Zena," akasema mkewe, "umekwenda mara tano. Mvua hiyo inakuja. Mtoto atalala wapi, ndani ya sura ya nne?"

"Amesema ni nzuri."

"Amesema mara tano. Sasa sikiliza. Majani yaliyobaki yanatosha mswada mmoja au paa moja. Andika. Lakini yakipotea kama yale mengine na mtoto wangu akanyeshewa, kijiti chako nakivunja, na kuandika kumekwisha humu ndani."

Digidigi aliogopa kuliko siku aliyofukuzwa na chui. Akaona kabla hajaandika, akamuulize Faru vizuri. Ti-ti-ti-ti.

"Mzee, niambie ni wapi palikupendeza zaidi, ili nisiharibu."

Faru alikuwa ameshiba, anasinzia. "Pale simba alipokufa," akasema. "Nililia."

"Mzee, hamna simba."

"Basi pale alipokaribia kufika."

Kisha akapiga mwayo, aaah! Digidigi akaona ulimi. Ulikuwa mweusi tititi, na katikati yake, kichwa chini miguu juu, palisomeka vizuri kabisa: KONOKONO.

Kumbe alikwisha chapishwa zamani. Kwenye ulimi.

Akarudi kwao polepole. Kuliwa kulimuuma, ndiyo. Kilichomuuma zaidi ni zile sifa alizozitangaza njia nzima, mpaka kwa mbung'o. Akamweleza mkewe. Mama Zena akacheka, akaanguka, akainuka, akacheka tena. Halafu akamhurumia, maana alikuwa mumewe.

"Zena alipokataa kuacha ziwa," akasema, "nilimwachisha na nini?"

"Na shubiri."

"Sasa?"

Digidigi akaandika mswada wa sita, majani sitini. Mama Zena akakamua shubiri, akapaka jani moja baada ya jingine, juu na chini. Asubuhi wakaubeba, lakini hawakuupeleka kwa Faru. Waliupeleka bwawani, wanyama wote wakiwapo.

"Mzee Faru," akasema Digidigi, "majani sitini. Mabichi."

Faru mate yakamjaa. Akawapa watu mgongo, akainamisha kichwa kama anayesoma. Kwacha!

"Ptuu! Ptuu! Machungu!"

Bwawa zima likageuka kumtazama.

"Mzee," Digidigi akauliza kwa adabu, "umejuaje?"



"Na utenzi wangu wa ndizi?" akauliza Nyani. "Ule uliouweka mahali salama?"

"Na kumbukumbu zangu?" akauliza Kobe. "Miaka themanini ile!"

"Mnanielewa vibaya," akasema Faru jasho likimtoka. "Msomaji mzuri huisikia ladha."

"Basi tusomee," akasema Twiga. "Tuisikie na sisi."

Faru hakuwa na pa kukimbilia. Akagandisha pua kwenye jani la kwanza, akasoma. Akasoma mpaka jua likafika utosini. Kwenye jani la ishirini Twiga akasinzia. Kwenye la arobaini Kobe akasema kwamba hata yeye angekuwa amekwisha vuka. Faru akamaliza, akanyanyua kichwa.

"Digidigi, leo nimesoma."

"Ndiyo, Mzee."

"Kuanzia jani la saba mpaka la hamsini na saba, Konokono amelala."

"Anatafakari, Mzee."

"Amelala. Na huyo babu yake amekuja kufanya nini?"

Hapo ndugu zangu, Digidigi akapandwa na hasira ambayo hamjapata kuiona. Ameliwa mara tano, akasema asante. Amesomwa mara moja, akataka kuuma! Akazoa majani yake akaenda zake, akinung'unika kwamba pori hili halijui sanaa.

Alipofika nyumbani akakaa aisome mwenyewe, aonyeshe jinsi Faru alivyo mjinga. Kwenye jani la kumi na mbili akalala fofofo.

Akazinduka asubuhi. Akachukua mswada, akaanza kuchomoa. Babu akatoka. Mama wa Konokono akatoka, na huyo alimtoa huku akilia kweli. Mchana kutwa alichomoa, na kila alilochomoa Mama Zena alilidaka, akapanda nalo juu ya nyumba. Jioni mkononi pakabaki majani tisa.

Akayapeleka, ti-ti-ti-ti. Faru akayanusa, akakunja uso, akasoma. Akasoma tena.

"Fupi," akasema.

Digidigi akaanza kuyakusanya majani yake.

"Lakini nzuri," akasema Faru. Akanyanyua mguu. Pu!

Kesho yake riwaya ilisomwa bwawani. Konokono alipokaribia ng'ambo ya njia, mvua ya masika ilianza, ndo, ndo, ndo, kisha ikamwagika. Hakuna aliyekimbia. Walingoja wote, wameloa, mpaka Konokono akafika. Nyani alilia, akasingizia mvua.

Digidigi akarudi nyumbani amelowa chapachapa, kifua mbele. Akamkuta Mama Zena amekaa chini na mtoto, wakavu, wote wawili wanatazama juu.

"Wameipenda," akasema.

"Nimefurahi," akasema mkewe. "Na sisi huku tumesoma. Ile sura ya babu, Baba Zena!"

"Ile niliyoitoa? Imekuwaje?"

"Nzuri sana. Haivuji hata tone."

Digidigi akakaa karibu nao, akatazama juu. Ni kweli, ilikuwa imara, na kwa ile shubiri hata wadudu hawakuigusa. Katika maisha yake yote ya uandishi hakupata kusikia sifa kubwa kuliko hiyo, nayo alipewa kwa kazi aliyoifuta.

Mnataka funzo? Haya. Hadithi hii inatufundisha kwamba mwandishi asimsikilize mkewe, asimsikilize mhariri, na asipunguze hata neno moja. Mimi mwenyewe funzo hilo nimelishika miaka kumi na moja sasa. Nyumba yangu inavuja kila chumba.

Hadithi yangu nimeitua hapo, aliyelala aamshwe. Anayeiona ndefu na aikate, mradi vipande anirudishie, maana mvua hiyo yaja.