Fisi na Kigoda cha Mashavu

"Hodi na mzigo wangu!"

"Mzigo wa nini?"

"Wa uongo!"

"Utue tuupekue!"

Basi nautua. Uongo huu nimetembea nao kutoka Tabora hadi Tanga, na kila nilipousimulia waliniambia, "Babu, hapo umeongeza." Babu! Kwa umri huu wangu wa makamo! Kuongeza nimeongeza, ila ni chumvi tu. Mboga ni ileile.

Hapo kale, wala si kale sana, maana chaki ilikuwa imeshavumbuliwa, palikuwa na Shule ya Bondeni. Mwalimu alikuwa Bi Kanga, na wanafunzi walikuwa arobaini. Katika hao arobaini, wanne maneno yalikuwa yakiwakwama: mtoto wa Kobe, mtoto wa Komba, mtoto wa Nungunungu, na mdogo kuliko wote, Mashavu binti Kinyonga. Mashavu alikuwa na ulimi mrefu kuliko darasa zima, na maneno mafupi kuliko darasa zima. Akianza kusema "shikamoo" asubuhi, "moo" inatoka wakati wa uji.

Kila asubuhi Mwalimu Kanga aliwachukua wanne hao nyuma ya kichuguu, akawakalisha kwenye vigoda vinne, wakafanya kazi ya mdomo. Wakapuliza manyoya: fuu! fuu! Wakagonga midomo: pa-pa-pa! Kisha Mwalimu akamtia kila mmoja tone la asali juu ya mdomo, na ulimi ukapanda kulitafuta: lamb! Asali ilikuwa ya kuufundisha ulimi njia.

Halafu kibuyu kidogo kikazunguka. Mwenye kibuyu ndiye mwenye zamu. Akikwama, hakuna kumcheka, hakuna kummalizia. Wenzake husema tu, "Subiri, neno liko njiani." Husubiri. Na neno, kwa kuwa halikukimbizwa, hufika. Na mtoto akijibu kwa kutikisa kichwa, Mwalimu humwambia, "Kichwa ni cha kufungia kilemba, mwanangu. Hapa tunajibu kwa mdomo."

Sasa, jirani wa kichuguu hicho alikuwa Mzee Fisi, Mwenyekiti wa Kamati ya Shule. Uenyekiti aliushika miaka mingi kwa ufundi mmoja tu. Katika kila mkutano alisema, "Nani anapinga? Kimya? Imepita!" akapiga meza, ko! kabla Mzee Kobe hajafungua kinywa.

Asubuhi moja Fisi amelala zake uani, chini ya paja la nyati aliloanika, akasikia: fuu! fuu! Sikio moja likasimama. Akasikia: pa-pa-pa! Sikio la pili likasimama. Akasikia: lamb! Fisi mzima akasimama.

"Wanakula," akasema. "Wanakula, na mimi sijui!"

Akatambaa kwenye majani, akachungulia. Akaona mtungi. Akaona asali inang'aa juu ya midomo ya watoto wanne. Wivu ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki: haumezeki, hautemeki.

Jioni akamkalisha mwanawe Shibe.

"Wewe kule darasani unalambishwa nini?"

"Chaki, baba. Tena silambi, navuta vumbi lake."

"Na wale wanne?"

"Wale wanafundishwa kusema."

"Kusema! Wewe umefundishwa kusema na nani?"

"Nilizaliwa nasema, baba. Mama anasema nilianza kabla sijatoka."

Fisi hakulala vizuri. Kumbe kusema vizuri ni hasara! Kesho yake akamwendea Mwalimu.

"Mwalimu, na mwanangu naye umpeleke nyuma ya kichuguu."

"Shibe? Mzee wangu, Shibe akiomba ruhusa ya kwenda chooni wanasikia kijiji cha tatu. Kule ni kwa waliokwamwa na maneno."

"Aliyekwamwa analambishwa asali, na asiyekwamwa anavuta vumbi? Hiyo ndiyo haki?"

"Aliyevunjika mguu hupewa mkongojo, Mzee. Wewe mzima utaulilia mkongojo?"

 Fisi alikuwa anafikiri mkongojo wenye asali una ladha gani.

Asubuhi iliyofuata Bi Fisi akaja shuleni mbio, akimvuta mumewe kwa sikio.

"Mwalimu, nisaidie! Baba Shibe kaamka hana neno! Namuuliza chai, ananijibu 'mm.' Miaka ishirini namwomba Mungu amnyamazishe, leo kanyamaza, naogopa!"

"Mm!" akasema Fisi, machozi yakimlengalenga.

Na kabla Mwalimu hajasema lolote, akazunguka kichuguu, akamsukuma Mashavu kwa kiuno, akakaa. Kigoda kikalia: kwiii!

"Mzee, kigoda hicho kina mwenyewe."

"Mm!"

"Na vigoda ni vinne tu."

"Mm-mm!"

Mwalimu Kanga akashusha pumzi. Mgonjwa ni mgonjwa, na Mwenyekiti ni Mwenyekiti; yeye ndiye mwenye ufunguo wa stoo ya chaki. Mashavu akabaki amesimama majanini. Jana yake tu alikuwa amesema "maji" nzima bila kukatika, na mama yake, Bi Kinyonga, kwa furaha akabadilika rangi mara tatu. Leo hana pa kukaa, na asiye na kigoda hana zamu.

Fisi akala. Mwalimu akachovya tone, Fisi akadaka mtungi, gugu-gugu-gugu! Akarudisha mtungi mweupe. Siku ya pili vivyo hivyo. Lakini wivu, ndugu zangu, hauna shibe. Mtungi uko mkononi mwake, na jicho liko kwenye tone la mtoto wa Nungunungu. Mbona lake linang'aa zaidi? Mbona lake limekaa pazuri?

Sasa Kinyonga ana neema moja: jicho hili huenda kwake, na lile huenda kwake. Kwa jicho moja Mashavu alimtazama Mwalimu, ajifunze japo kwa mbali. Kwa la pili alimtazama Fisi. Siafu akatoka kichuguuni, akapanda, akamng'ata Fisi pale anapokalia.

"Mama yangu weee!" akanong'ona Fisi, waziwazi, herufi zote zimetimia.

Hakusikia mtu ila Mashavu. Mashavu akamkimbilia Mwalimu, kama Kinyonga anaweza kukimbia.

"Fi... Fi..."

"Mmmmh!" Fisi akakohoa kwa nguvu, na kengele ikalia, nga-nga-nga, na watoto wakatawanyika, na Mwalimu nyuma yao. Neno la Mashavu likafika, msikilizaji hayupo.

Basi ikaja Ijumaa. Kila Ijumaa wale wa vigoda hukaa mbele ya darasa zima, na wazazi huja kusikiliza. Fisi akakaa mbele, tumbo mbele zaidi. Kibuyu kikazunguka, kikamfikia mtoto wa Kobe. Mtoto wa Kobe akakitazama kibuyu, akakitazama kigoda cha Mashavu kilichofunikwa na Fisi. Akainuka, akampelekea Mashavu kibuyu.

"Zamu yangu... yake."

Mashavu akakishika kwa mikono miwili.

"Mze... Mze..."

Bi Kinyonga akataka kummalizia, Mwalimu akainua bawa. Darasa zima likasema, "Subiri, neno liko njiani!"

"Mzee Fisi... anatoa... lile paja la nyati... aliloanika kwake... tule... wote."

Fisi akaruka! Akatikisa kichwa kulia, kushoto, mpaka masikio yakapigana makofi.

"Kichwa ni cha kufungia kilemba, Mzee," Mwalimu akamwambia kwa upole. "Jibu kwa mdomo, tunakusubiri."

"Subiri, neno liko njiani!" likaitikia darasa.

Neno lilikuwa limeshafika, limesimama nyuma ya meno, linagonga hodi. Lakini Fisi akapiga hesabu. Paja ni moja. Asali ni ya kila siku. Akisema, anaondoka, na yule wa Nungunungu atabaki analamba, lamb! Fisi akameza neno.

"Nani... anapinga?" akauliza Mashavu.

Kimya.

Nyuma kabisa Mzee Kobe akasimama. Miaka mingi alikuwa anaisubiri siku hii. "Imepita!" akapiga gamba lake, ko!

Watoto hao, titititi, mpaka kwa Fisi. Watoto hao, titititi, na paja. Midomo arobaini ikafanya kazi, na hakuna aliyehitaji kufundishwa.

Mashavu hakuachia kibuyu.

"Na kile... kiti chake kirefu... cha mkutano... anampa Mwalimu... aliyesimama... miaka yote."

Jasho likamtoka Fisi. Kiti ni kimoja, asali ni ya kila siku. Akameza.

"Nani... anapinga?"

"Imepita!" ko!

"Na asali..." akasema Mashavu, polepole, kama mtu anayepanda ngazi akiwa na uji wa moto. "Asali... imemchosha. Fungu lake... apewe... mtoto wa Nungunungu."

"Muongo!" Fisi akalipuka. "Haijanichosha! Sijachoshwa na asali tangu nizaliwe! Na huyo Nungunungu ana tone kubwa kuliko langu, nimelitazama siku tatu kwa macho yangu haya, na paja ni langu, na kiti ni changu, na hapa siondoki!"

 Hata siafu walisimama.

Kisha darasa likapiga makofi, paaa! "Amepona! Mzee amepona!"

"Ewe Mola," akasema Mwalimu Kanga, manyoya yamemsimama. "Tangu nianze kazi hii sijasikia sentensi ndefu namna hiyo. Hongera, Mzee. Na huku kwetu, aliyepona humpisha mwenzake."

Fisi akataka kukana kwamba amepona. Lakini hata kukana kunataka mdomo.

"Na paja langu?" akauliza, sauti imeshuka.

"Nani alipinga?" akauliza Mzee Kobe.

Fisi akainuka. Mashavu akapanda kigoda chake, mguu wa kwanza, akafikiri, mguu wa pili, akafikiri, akakaa. Bi Kinyonga hakubadilika rangi hata mara moja. Siku hiyo alisahau.

Fisi akafika nyumbani, akakuta kamba ya paja inaning'inia peke yake.

"Alhamdulillahi, sauti imerudi?" akauliza Bi Fisi. "Ungeiacha huko huko walau mpaka Idi."

Shibe akaingia mbio, mashavu yanang'aa mafuta, kidevu kinadondosha.

"Baba! Ile nyama ya leo shuleni! Laini! Inayeyuka yenyewe! Mimi nimepewa kipande cha karibu na mfupa!"

Fisi akamtazama mwanawe wa kumzaa, akautazama mdomo ule unavyong'aa, akamwonea wivu.

Hadithi yangu imeketi hapo, miguu imeiuma. Ukiipenda, ibebe, usipoipenda, mrudishie aliyenidanganya mimi.

Na funzo lake, watoto, lishikeni vizuri: mtu mzima akiongea, mtoto anyamaze. Hasa mtoto yule anayeongea polepole. Huyo ni wa hatari.