Honi ya Bwana Shehoza

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, na wewe unayetafuna muwa nyamaza kwanza.

Bwana Shehoza, tajiri wa mashine ya mpunga, alimnyang'anya Fundi Chambo punda wake. Alishtaki kwa mwenyekiti wa mtaa kwamba Jumatano alimpigia punda yule honi mara saba, naye akakaidi tu katikati ya njia. Mwenyekiti akaamua punda awe fidia.

Ijumaa tajiri akaingia gereji ya Chambo, mwenyekiti kando yake, gari limekuwa bubu.

"Wewe mchafu, tengeneza honi upesi! Tunawahi harusi."

Chambo akafungua boneti taratibu. "Imeharibika leo asubuhi, bosi?"

"Leo wapi! Tangu Jumapili, walipoliosha gari."

"Haiwezekani. Juzi lazima ililia japo kidogo."

"Unanifundisha gari langu, mjinga wewe? Wallahi, tangu Jumapili haijatoa hata kikohozi!"

"Basi ni maji, bosi." Chambo akakwangua kutu kwenye waya, akaukaza, akabonyeza. Honi ikalia hadi kuku wakatawanyika.

Ndipo akamgeukia mwenyekiti. "Mzee wangu, sasa Jumatano punda wangu alikaidi honi ipi?"

Mwenyekiti akamtazama tajiri. Kisha akaamuru punda arudishwe. Gereji nzima ikaangua kicheko, na punda akarudi kwao kabla ya adhuhuri.

Wajukuu wa Chambo wamerithi kizazi cha punda yule. Wana wa Shehoza wamerithi gari, na wakipiga honi watu huwauliza, "Hiyo ni ya Jumapili au ya Jumatano?"