Titi Lililokatwa Bure

Hapo zamani, wala msidhani zamani za mababu, ni zamani za juzi tu, palikuwa na mwanamke akiitwa Tunu. Alikuwa na mashine ya kusaga unga, na gunia la mahindi akilinyanyua mwenyewe.

Tunu akaona uvimbe kwenye titi. Akaenda hospitali. Akakatwa kipande kidogo cha nyama hapo, kikatiwa kwenye chupa, kikapelekwa maabara. Siku hiyohiyo mwanamke mwingine, mwalimu Regina, mwenye uvimbe kama wake, naye akakatwa kipande cha nyama, kikatiwa kwenye chupa, kikapelekwa maabara.

Majibu yakatoka. Regina akaambiwa, "Nenda nyumbani, huna kitu." Tunu akaambiwa, "Una saratani. Titi litolewe."

Tunu akamwomba Dakta Lugome, daktari wa upasuaji, "Daktari, nipimwe tena. Moyo wangu haujaridhika."

"Kwani mama, udaktari umesomea wapi?" akauliza Lugome. Akakata.

Titi likapelekwa maabara. Mpimaji, jina lake Msami, akalichunguza. Saratani hakuna hata chembe! Akafungua daftari, akaliona kosa. Ni yeye aliyebandika majina kwenye zile chupa. Chupa ya Tunu aliibandika jina la Regina, na ya Regina jina la Tunu.

Akakimbilia kwa mganga mfawidhi, Dakta Kilembe, mkuu wa hospitali. "Bosi, nimekosea. Yule mwalimu ndiye mgonjwa. Tumwite leo hii."

Kilembe akafunga mlango. "Ukifungua mdomo, kazi huna." Akachomoa karatasi zote kwenye mafaili, akaondoka nazo.

Msami akanyamaza. Mwezi wa kwanza, kimya. Mwezi wa pili, kimya. Mwezi wa sita akamwona Regina kwenye foleni ya wagonjwa, amekonda, anakohoa. Hapo akashindwa. Akaenda mashineni kwa Tunu, akamweleza yote.

Tunu hakulia. Alizima mashine. Akamkwida Msami kwa mkono mmoja, maana ule mwingine tangu upasuaji haukunyanyuka vizuri.

"Miezi sita! Nimejiandaa kufa. Wanangu nimeshawaambia nani atawalea. Na wewe unajua!"

Tunu akamwachia. "Huyo mwenzangu anakaa wapi?"

Akamfuata Regina hadi kwake, akampasha habari. Regina akapimwa hospitali nyingine. Saratani imeshafika mapafuni.

Wakaenda wote wawili kwa wakili, Bi Shose. Bi Shose akawaandikia barua wale watatu, nao wakajibu.

Lugome akasema, "Mimi nilikata kilichoandikwa. Makosa ni ya maabara."

Kilembe akasema, "Mimi sikumgusa mgonjwa yeyote. Makosa ni ya maabara."

Msami akasema, "Mimi nilikosea. Lakini bila mimi nani angejua?"



Bi Shose akawaambia, "Mnaweza kuwashtaki kwenye mabaraza ya taaluma zao, wanyang'anywe leseni. Mnaweza kwenda mahakamani kudai fidia. Mnaweza kufanya yote mawili. Ila karatasi hazipo. Shahidi ni Msami peke yake, na anasema atatoa ushahidi iwapo mtaahidi kutomshtaki. Mkimshtaki, atafunga mdomo, na Kilembe atatoka anacheka."

"Basi tumwache Msami," akasema Tunu. "Namtaka aliyeficha. Namtaka na yule aliyeniuliza udaktari nimesomea wapi."

Regina akapiga meza. "Umwache wewe! Wewe umekatwa titi, pole, lakini utawaona wajukuu. Siku ile ile alipojua, mimi nilikuwa wa kutibika. Alikuwa na miguu, alikuwa na simu. Alichagua mshahara wake."

"Na Kilembe je? Kesho atamfungia mwingine mlango!"

"Na Msami kesho atamnyamazia nani?"

Bi Shose akasema, "Shauri ni lenu. Kesi naifungua Ijumaa. Niandike majina ya nani?"

Haya, ninyi mnaonisikiliza, jibuni. Mmoja alikata bila kusikia. Mmoja alificha. Mmoja alikosea, akanyamaza, kisha akasema. Je, nani alistahili kubeba mzigo huu? Na Msami, ni wa kuachwa au ni wa kushtakiwa?