Ndege Mia Mbili wa Noela

Kuuliza si ujinga. Methali hii kila mtoto anaijua, lakini wasomi ndio huisahau upesi, na Noela alikuwa mmoja wao.

Noela, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyebakiza utafiti tu ahitimu, alifika kwenye mwalo wa Nkome, ufuko wa wavuvi kando ya Ziwa Victoria, kuchunguza jambo moja: je, kitambaa chekundu kinawafukuza yangeyange, wale ndege weupe wanaodokoa dagaa walioanikwa? Wanawake wa mwaloni walilisubiri jibu kwa hamu. Kikifaa, wangeacha kushinda juani wakilinda kwa fimbo. Aliyelitamani zaidi ni Mama Luka, aliyemwacha mama yake mgonjwa peke yake nyumbani kila siku.

Noela alifunga kitambaa kwenye vichanja vya kuanikia vya Mama Luka, akakaa kando yake mwezi mzima. Kila ndege aliyetua alimwandika. Akiruka, akatia alama. Kuwauliza wanawake? Thubutu! "Hawa wanajua kuanika tu," alijiambia. Daftari likajaa: ndege mia mbili na kumi, na karibu wote walikimbia. Akatangaza kwamba kesho yake angetoa majibu. Vigelegele vikapigwa.

Mchana huo Mama Luka alimkaribisha ugali. Ndege mmoja akatua.

"Kilema huyo! Hajakosa hata siku moja," Mama Luka akacheka.

"Kumbe unamjua, mama?"

"Nisimjue vipi, mwanangu? Hana kidole. Yule pale ni Bibi Harusi, na yule Mdokozi. Hapa kwangu wako saba tu tangu mwaka jana. Waoga hao, fimbo yangu wanaijua."

Noela alirudisha tonge sahanini. Saba! Ndege wake mia mbili na kumi walikuwa saba, kila mmoja kahesabiwa kama mara thelathini, tena wote waoga wa fimbo ya mtu mmoja.

"Na wa kule mwisho wa mwalo, wakoje?" aliuliza kwa unyonge.

"Hao siwajui. Twende tukaone."

Walifunga kitambaa kule. Yangeyange wakaja, wakala dagaa bila wasiwasi, na mmoja akakaa juu ya kitambaa chenyewe. Noela akalia.

Kesho yake alisimama mbele ya wanawake. "Mama zangu, nisameheni. Jibu bado sinalo. Niliwahesabu ndege wale wale."

"Mwezi mzima!" mmoja akaangua kicheko. Noela alijua kwamba mahafali ya wenzake yangempita, lakini hilo halikumuuma kama kumwona Mama Luka akiokota fimbo na kurudi juani. Akamfuata, akaketi mchangani, akafungua ukurasa mpya.

"Mama, niambie tena majina yao, mmoja mmoja. Kisha unionyeshe wenye kuwajua wale ndege wa kule mwisho."

Mama Luka alimtazama, akasonya, halafu akaanza kutaja. Swali moja la siku ya kwanza lingeokoa mwezi mzima wa watu wawili. Aliyedharau kuuliza ndiye aliyeaibika. Kuuliza si ujinga.