Kanga ya Bi Zawena na Diski Iliyonyamaza

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni hii hii ya waifai, pale Korogwe palikuwa na mzee mmoja, Shekilindi. Tulieni mnisikilize. Hadithi hii wengine wanaidonoadonoa tu. Anayeijua yote ni mimi peke yangu, kuanzia Korogwe mpaka Kigoma.

Shekilindi hakujua kusoma, kama mimi. Basi mkewe, Bi Zawena, kila akitoka anamwachia maneno kwa sauti kwenye simu. Anakwenda sokoni, sauti. Anakwenda msibani, sauti. Miaka kumi na miwili. Mtoto wao Semkiwa, fundi wa kompyuta kule Tanga mjini, akanunua visanduku viwili vya kuhifadhia mambo: kimoja cha mama yake, kimoja cha mama yake mdogo, Bi Mwanamkasi. Pacha kabisa, duka moja, siku moja. Kisanduku kinakaa nyumbani, kinashika waifai, na kila sauti na kila picha inahama simu, inakwenda kulala humo, kwenye diski.

Bi Zawena akafa. Mvua ilikata barabara, Semkiwa hakuwahi maziko. Mzee akabaki na vitu viwili: zile sauti, na upande mmoja wa kanga wenye harufu ya mkewe. Upande wa pili ulifunika jeneza. Kila alasiri anaikumbatia kanga, anamsikiliza Zawena. Alilia huyo mzee, nawaambia, mpaka kisima cha jirani kikajaa.

Siku moja umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, kuku wa mtaa mzima wakataga kwa mpigo. Kisanduku kikalia tik, tik, tik.

Mzee akanyoosha mkono azime, awashe. Si ndio dawa yetu ya kila kitu? Lakini palikuwa na Mkanyeni, binti wa kulea, sasa mtu mzima, aliyekuzwa na Bi Zawena tangu ana miaka sita. Akachomoa waya, akaukalia.

“Toka hapo.”

“Sitoki, baba. Kinakwaruzika ndani. Kaka Semkiwa alisema kikilia hivi kisiwashwe.”

“Nyumba yangu, umeme wangu, mke wangu.”

“Na mama yangu.”

Mzee akamfukuza. Mkanyeni akatoka na waya kaufunga kiunoni, akalala nao kwa jirani siku tatu, mpaka Semkiwa akafika.

Mzee akaapa: “Atakayenisikilizisha tena sauti ya Zawena, kanga hii ni yake.”

Semkiwa akakifungua kisanduku. Kibao cha kijani cha umeme kilicho mgongoni mwa diski kimeungua. Kinatakiwa cha namna ileile, na dunia nzima kipo kimoja, kwa mama mdogo. Sasa kwenye diski ya Bi Mwanamkasi kulikuwa na mwanawe Hozza, marehemu, anacheka, na bila kibao hicho hasikiki.

“Nikikupa, Hozza wangu atarudi?”

“Kinaweza kuungua, mama. Nisikudanganye.”

Bi Mwanamkasi akakichomoa kisanduku chake, akamwekea mapajani. Kisha akasema, “Chukua. Hozza alipokufa, dada Zawena ndiye aliyenilisha kwa mkono.”

Semkiwa akainama siku tisa juu ya vijidude vidogo kuliko jicho la sisimizi, hali, haogi. Siku ya tisa diski ikazunguka. Ikatoa sauti moja, moja tu, Semkiwa akaiwahi kwenye simu yake, kibao kikafuka moshi, basi.

“Baba Semkiwa, foleni ya mashine ya unga ndefu. Kula tu, mume wangu, usiningoje.”

Mzee akasema, “Rudia.” Wakarudia. “Rudia.” Mpaka adhana ya magharibi.

Mkanyeni akasema, “Kanga yangu. Nisingeukalia ule waya, baba angezima na kuwasha mpaka mama akawa vumbi. Na nikafukuzwa kwa hilo.”

“Kukalia waya hata gunia la mkonge linaweza, dada,” akasema Semkiwa. “Mikono hii ndiyo iliyomtoa. Na mimi mama sikumzika. Sikumtupia hata konzi ya udongo.”

Bi Mwanamkasi akasema, “Wanangu, bila kibao changu huyu angepapasa hewa. Nyinyi mmetoa jasho, mimi nimetoa Hozza. Mama yenu mmemsikia. Wangu nimsikie wapi?”

“Tuikate,” akasema Semkiwa.

“Kanga unaikata,” akajibu Mkanyeni, “harufu unaikataje?”

Mzee akaiweka puani, akaishusha, akaiweka tena.

Mimi hapa nimeamua kesi za ndoa mia nne bila karatasi wala kalamu, lakini hii ilininyima usingizi mwezi mzima. Haya, nyinyi mliokaa hapo na masikio yenu: kanga ni moja, wanaoililia watatu, na mzee bado hajaiachia. Kati yao, nani alistahili apewe?