Mbiu Isiyotaja Nyumba

Hapo kale, mwaka ambao mvua za vuli hazikunyesha, mto wa wanyama ulikauka, kikabaki kisima kimoja. Mambo yote yalianzia hapo, wanangu, kwa hiyo kaeni vizuri.

Wanyama wa huko waliishi kama sisi. Walikuwa na nyumba, majiko, mashemeji na zamu za kazi. Kazi ziliitwa kwa mbiu. Mpiga mbiu alikuwa Mzee Hondohondo, yule ndege ambaye mdomo wake ni mkubwa kuliko kichwa. Alikuwa akitua juu ya jiwe la kisima na kupaza sauti: "Hooo! Hooo! Gawa!" Hapo ndipo maji yalipogawanywa.

Sasa, nyumba mbili zilikuwa na kazi iliyoitwa Gawa. Nyumba ya Mbogo iligawa kwa nyayo: kila mnyama alikanyaga udongo, na alama ya mguu wake ikajazwa maji. Nyumba ya Nguchiro iligawa kwa midomo: kila mdomo kata moja, mzunguko mmoja, kisha mzunguko mwingine, hadi maji yaishe.

Jina moja, kazi mbili. Nani aitikie? Sheria ilisema hivi: mbiu isiyotaja nyumba huitikiwa na aliye karibu zaidi na jiwe. Naye akikataa, hanywi tena kisimani mpaka mvua inyeshe.

Basi Mbogo akahamia pale jiweni. Alikula pale, akalala pale, na shemeji yake Kifaru akaziba upande wa pili.

"Hooo! Gawa!"

"Nimeitika!" Mbogo alijibu, hata Hondohondo hajafunga mdomo.

Alama ya Mbogo ilijaa kama sufuria. Alama ya Digidigi ilipata tone la kulamba.

Nguchiro, ambaye wote walimwita Mama Tunu, alirudi nyumbani na maji ya kulowesha ulimi tu. Watoto wake wawili walikuwa wakilia. Tunu, kitindamimba, hakulia tena. Alikuwa amelala kando ya mlango, mdomo wazi.

Mama yake akamlowesha ulimi, kisha akasimama.

"Kesho mtakunywa," akasema.

Kwanza alijaribu njia iliyo wazi. Alfajiri alipenya katikati ya miguu ya Mbogo, akafika jiweni.

"We! Nani ananitekenya?" Mbogo akauliza.

"Ni mimi, Bwana Mbogo. Leo nataka kuitika."

"Kuitika? Wewe? Nani atakuona?"

Kifaru akacheka, hohohooo, akamsukuma kwa pua. Puu! Mama Tunu akaangukia vumbini.

Alijipangusa, akamfuata Hondohondo kwenye tawi lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeumia?"

"Sijaumia. Nieleze jambo moja. Kwa nini husemi 'Gawa ya nyumba ya Nguchiro'? Ukitaja nyumba, kazi ni yangu hata nikiwa mwisho wa foleni. Mbogo hawezi kuinyakua."

"Ndivyo tulivyofanya zamani," Hondohondo akajibu. "Niliuliza foleni: nyumba gani? Foleni ikanijibu, nami nikaita. Mbogo akakataza. Anasema maneno mengi yananichosha koo."

"Yanakuchosha?"

"Hata kidogo! Lakini zile pembe umeziona?"

Mama Tunu akamsogelea. "Na yeye mwenyewe akisema utaje nyumba?"

"Akisema mbele ya wote, nitataja mpaka siku ya kufa kwangu."

"Atasema," akajibu Mama Tunu, akashuka.

Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kichuguu kilichokuwa nyuma ya kisima. Humo alikaa swila, yule nyoka anayetema mate ya sumu machoni. Swila alikuwa ndani, lakini gamba lake la zamani alikuwa amelivua na kuliacha nje. Mama Tunu akalichukua, akalijaza majani makavu, akalifunga kamba. Gamba akalificha kwenye nyasi karibu na kisima. Ncha ya kamba akaifunga mguuni mwake. Kisha akaenda kupanga foleni kama wengine, nyuma ya Digidigi na Kobe.

Hondohondo akatua jiweni. Akavuta pumzi ili aite.

Mama Tunu akavuta mguu. Shrrr! Nyasi zikatikisika. Kichwa kikachungulia, kikarudi.

"Nyoka!" Digidigi akaruka juu. "Jamani, swila!"

"Ita, mzee! Ita!" foleni ikapiga kelele.

"Hooo! Hooo! Fukuza!"

Macho yote yakageukia jiweni. Aliyekuwa karibu zaidi na jiwe ni Mbogo.

"Mbona mnaniangalia?" akauliza.

"Nyumba yako ina Fukuza," akasema Mama Tunu. "Naijua. Mnainamisha pembe, mnavamia."

"Hiyo ni ya kufukuzia simba!"

"Mbiu haikusema ya simba."

"Mama Tunu, huyu anatema machoni! Nikiinama tu, nimekwisha!"

"Basi kataa."

"Akikataa hanywi!" akasema Kobe, ambaye siku zote alisema polepole, lakini siku ile alisema haraka.

"Hanywi! Hanywi!" foleni ikaitikia.

"Nenda tu, shemeji," Kifaru akanong'ona.

"Nenda wewe!"

"Mimi siko karibu. Tazama, nimeshasogea."

Shrrr! Nyasi zikatikisika tena. Mbogo akarudi nyuma, kwato zake za nyuma zikagonga jiwe. Ko!

"Ngojeni!" akasema. "Kuna Fukuza nyingine! Ya nyumba ya Nguchiro! Wale wanarukia shingo ya nyoka, hiyo ndiyo inayofaa hapa. Hondohondo, kwa nini huiti hiyo?"

"Uliniambia nisitaje nyumba."

"Sasa nakuambia utaje!"

"Kwa mbiu hii tu?" Mama Tunu akauliza, akavuta mguu. Shrrrrr!

"Kwa mbiu zote! Kuanzia leo, mbiu yoyote itaje nyumba! Haya, ita upesi!"

"Mmesikia?" Hondohondo akauliza.

"Tumesikia!"

"Hooo! Fukuza ya nyumba ya Nguchiro!"

"Nimeitika!" Mama Tunu akatumbukia nyasini. Kwaru! Kwaru! Akatoka na gamba mdomoni, majani makavu yakichomoza tumboni mwa gamba. Akaliweka mbele ya kwato za Mbogo.

Mbogo akalinusa. Akaligeuza kwa pembe.

"Hili ni gamba tupu!"

"Ni gamba."

"Umenidanganya!"

"Kuhusu nyoka, nimekudanganya. Kuhusu nyumba, umesema mwenyewe."

"Basi nafuta niliyoyasema!"

"Futa," akasema Mama Tunu. "Lakini mwenye gamba yuko pale kichuguuni, mzima, na kisima chake ni hiki hiki. Siku atakayotoka, Hondohondo ataita 'Fukuza' bila nyumba, nawe utakuwa hapo hapo jiweni. Mimi nitakuwa mwisho wa foleni."

Mbogo akatazama kichuguu. Akamtazama Kifaru. Kifaru alikuwa akitazama mawingu, na mawingu hayakuwepo.

"Sifuti," akasema.

Hondohondo akainua mdomo wake mkubwa. "Foleni! Gawa ya nyumba gani?"

"Ya Nguchiro!" wakaitikia Digidigi, Kobe na wote walio nyuma yao, mpaka vumbi likapanda.

"Hooo! Hooo! Gawa ya nyumba ya Nguchiro!"

Mama Tunu akashika kata. Watoto wake wakaletwa kisimani, Tunu amebebwa mgongoni na ndugu zake. Kata ya kwanza ya Tunu ilimwagika nusu, kwa sababu hakuweza kufunga mdomo. Mzunguko ulipomfikia tena, alimeza. Mzunguko wa tatu alilia, akadai zaidi.

Funzo lake ni hili, wanangu: jina likiwa la kazi mbili, taja na nyumba yake unapoita, usimwachie kazi aliye karibu.

Jioni ile Mbogo alipanga foleni nyuma ya Digidigi, na zamu yake ilipofika, akapewa kata moja.